Programu ya Spring Boot ikigoma: kuitafuta hitilafu hatua kwa hatua

Wengi wanaoanza Spring Boot, fremuweki ya kujengea programu za Java, hupotezea muda mahali pamoja. Programu inagoma, skrini inajaa maandishi mistari mia na zaidi, mtu anakopi mstari wa kwanza, anautafuta mtandaoni na kubandika jibu la kwanza alilokutana nalo. Likikataa, anabandika la pili juu ya lile la kwanza. Kufika jioni msimbo umejaa viraka vya watu watano wasiofahamiana, na hitilafu ya asubuhi bado ipo, pengine imeshapata na wenzake.

Ninachokuomba hapa ni kimoja: usiguse msimbo kabla hujajua programu imefia wapi. Mahali penyewe ni pachache. Inaweza kufa wakati wa kujengwa, wakati wa kuwaka, wakati wa kupokea ombi, wakati wa kuongea na kanzidata, au pale watumiaji wanapoongezeka. Kila mahali pana dalili zake na vifaa vyake vya uchunguzi. Ukishajua mahali, badilisha kitu kimoja tu, jaribu, kisha uamue. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na programu ikapona, hujui kipi kimeiponya. Siku ikirudia utaanza upya.

Mifano yote ni ya Spring Boot 3, toleo lililoanza kutoka Novemba 2022 na lisilokubali Java iliyo chini ya 17.

Hatua ya 1: soma ripoti ya hitilafu kuanzia chini

Spring ina tabia ya kuifunga hitilafu moja ndani ya nyingine. Kontrola (klasi inayopokea maombi) imeshindwa kutengenezwa kwa sababu kitu fulani kimeshindwa, nacho kimeshindwa kwa sababu ya kingine. Mstari wa juu unakuambia nani amelia mwisho. Aliyeumia kwanza yuko chini, kwenye `Caused by` ya mwisho. Tazama mfano huu nilioufupisha:

```
UnsatisfiedDependencyException: Error creating bean with name 'odaController'
Caused by: BeanCreationException: Error creating bean with name 'flywayInitializer'
Caused by: PSQLException: Connection to localhost:5432 refused
Caused by: java.net.ConnectException: Connection refused
```

Anayesoma mstari wa kwanza atakwenda kuichokonoa `OdaController`, ambayo haina kosa lolote. Anayesoma wa mwisho anajua ndani ya sekunde kumi kwamba PostgreSQL haijawashwa, au imewashwa kwenye poti nyingine.

Ikiwa hitilafu imetokea programu ikiwa tayari inafanya kazi, tafuta pia mstari wa kwanza wenye jina la pakeji yako, tuseme `tz.duka`. Mistari mingi ni ya Spring, Hibernate (maktaba inayoongea na kanzidata) na Tomcat (seva inayopokea maombi), na hiyo huwezi kuirekebisha. Huo mmoja wenye jina lako ndio unaoonyesha faili na namba ya mstari wa kuanzia.

Programu ikikataa kuwaka, mara nyingi utaona maandishi `APPLICATION FAILED TO START`, kisha sehemu mbili: `Description` na `Action`. Ya kwanza iamini. Ya pili ichukue kama ushauri tu, maana fremuweki inakisia. Itakushauri utengeneze bini (kitu ambacho Spring hukitengeneza na kukitunza yenyewe) mpya wakati bini unayo tayari, ila umeiweka kwenye pakeji ambayo Spring haiipitii.

Hatua ya 2: ikigoma kujengwa

Anza na amri moja ya Maven, kifaa kinachojenga programu:

```
mvn -v
```

Usiishie kwenye `java -version`. Maven hufuata `JAVA_HOME`, na si ajabu kompyuta moja kuwa na Java tatu. Ukiona `release version 17 not supported`, maana yake Maven inatumia Java ya zamani kuliko ile iliyoandikwa kwenye `pom.xml`. Ukiona `UnsupportedClassVersionError`, au namba kama `class file version 61.0`, zisome hivi: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Kwa hiyo klasi yenye 61 ikikataa kwenye seva, seva ina Java ya chini ya 17. Weka Java sahihi kwenye seva, basi. Msimbo hauna tatizo.

Kwa sisi tunaojenga kwa bando la simu, kuna ugonjwa mwingine wa kawaida: mtandao unakatika katikati ya kupakua maktaba. Maven inaweza kukumbuka kwamba ilishindwa na isijaribu tena mpaka muda fulani upite. Utasoma maneno `This failure was cached in the local repository`. Ilazimishe:

```
mvn -U clean package
```

Mara nyingine faili limepakuliwa nusu na Maven inaliona limekamilika. Dalili yake ni `invalid LOC header` au `error in opening zip file`. Usifute folda nzima ya `~/.m2/repository`, utaunguza bando lote kupakua upya kila kitu. Futa folda ya maktaba ile tu iliyotajwa kwenye hitilafu, kisha jenga tena. Na siku ukiwa mahali penye mtandao mzuri, endesha `mvn dependency:go-offline`; baada ya hapo unaweza kujenga kwa `mvn -o` bila kuhitaji mtandao, maadamu hujaongeza maktaba mpya.

Wanaohama kutoka Spring Boot 2 watakutana na `package javax.persistence does not exist`. Chanzo chake ni mkataba zaidi ya ufundi. Oracle iliikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, lakini jina `javax` likabaki na masharti yasiyoruhusu kuliendeleza, hivyo pakeji zikahamia `jakarta`. Badilisha `javax.persistence`, `javax.servlet` na `javax.validation` ziwe `jakarta`. Ila usibadilishe kila kitu kwa mkupuo: `javax.sql` na `javax.crypto` ni mali ya Java yenyewe, na zimebaki zilipo.

Hapo hapo kuna mtego unaowachosha wengi. Umetengeneza faili la WAR (kifurushi cha programu kinachowekwa ndani ya seva kama Tomcat) la Spring Boot 3, umelipeleka kwenye Tomcat 9 ya kampuni, Tomcat inawaka bila kulalamika, na kila ukurasa unatoa 404. Hakuna hitilafu hata moja kwenye logi. Tomcat 9 inaelewa `javax` pekee, kwa hiyo programu yako haikuanzishwa kabisa. Spring Boot 3 inahitaji Tomcat 10.1. Ukipeleka WAR ya Spring Boot 2 kwenye Tomcat 10 matokeo ni yale yale.

Kuhusu `NoSuchMethodError` sitakaa sana. Karibu kila mara ni matoleo mawili ya maktaba moja yanayogombana. Endesha `mvn dependency:tree`, tafuta jina la maktaba iliyotajwa, na uone nani ameileta. Kisha angalia kwenye `pom.xml` kama umeandika namba ya toleo kwa mkono mahali ambapo Spring Boot ingekuchagulia. Iondoe.

Hatua ya 3: imejengwa, haiwaki

Rahisi kuliko zote ni `Port 8080 was already in use`. Mara nyingi ni programu yako mwenyewe uliyoiacha ikiendelea kwenye dirisha lingine. Kwenye Linux na Mac:

```
lsof -i :8080
kill <namba ya mchakato>
```

Kwenye Windows:

```
netstat -ano | findstr :8080
taskkill /PID <namba> /F
```

Kubadilisha `server.port` kunakuondolea usumbufu, lakini programu ya zamani bado inaendelea, na huenda bado inaandika kwenye kanzidata ile ile. Iue kwanza.

Inayofuata ni hii: `required a bean of type 'tz.duka.data.MtejaRepository' that could not be found`. Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, klasi ina anotesheni yake, `@Service`, `@Component` au `@Repository`? Kwa kiolesura kinachorithi `JpaRepository` anotesheni si lazima, kwa hiyo ruka swali hilo. Je, klasi ipo chini ya pakeji ya klasi kuu? Spring Boot huanza kupekua kutoka kwenye pakeji yenye `@SpringBootApplication` na kushuka chini. Klasi kuu ikiwa `tz.duka.kuu` na huduma zako zikiwa `tz.duka.oda`, hazitaonekana, maana hizo ni pakeji ndugu na moja haiko chini ya nyingine. Sogeza klasi kuu iwe `tz.duka`. Na la tatu: je, bini ina sharti, kama `@Profile("prod")`, ambalo halijatimizwa kwenye kompyuta yako?

Ukishindwa kujua kwa nini Spring imechagua au imeacha kitu, washa programu kwa `--debug`. Itachapisha ripoti ndefu ya masharti, ikionyesha kila usanidi uliokubaliwa na uliokataliwa pamoja na sababu. Ni ripoti ambayo watu wachache huifungua, na imejaa majibu.

`Failed to configure a DataSource: 'url' attribute is not specified` huwa na sababu ya kawaida sana: `application.properties` halipo ndani ya `src/main/resources`, au mipangilio imeandikwa kwenye `application-prod.properties` na profaili (seti ya mipangilio ya mazingira fulani) ya `prod` haijawashwa. Angalia mistari ya mwanzo ya logi; Spring huandika profaili inayotumika.

Kuhusu duara la utegemezi, yaani `OdaService` inaihitaji `MalipoService` nayo inaihitaji `OdaService`: tangu Spring Boot 2.6 duara hilo linakataliwa. Upo mpangilio wa kuliruhusu, na utauona ukipendekezwa kila mahali. Nakushauri usiutumie. Toa kile kipande ambacho huduma zote mbili zinakihitaji, kiwe huduma ya tatu. Ni kazi ya nusu saa, na baada yake msimbo unasomeka.

Hatua ya 4: imewaka, ombi linarudi na namba mbaya

Weka kivinjari pembeni kwanza, tumia `curl -i` ili uone namba ya jibu na vichwa vyake bila kitu kingine kuingilia.

Ukipata 404, soma logi. Kuanzia Spring Boot 3.2 unaweza kuona `No static resource api/oda`, na mtu akaanza kutafuta faili la picha au la HTML. Ujumbe huo una maana kwamba hakuna kontrola iliyolipokea ombi, kwa hiyo Spring ikajaribu kutafuta faili la jina hilo kama suluhisho la mwisho. Angalia tahajia ya njia, angalia kama kontrola iko kwenye pakeji sahihi, na angalia mkwaju wa mwisho: katika Spring 6, iliyo ndani ya Spring Boot 3, `/api/oda` na `/api/oda/` ni anwani mbili tofauti, wakati zamani zilihesabiwa moja. Ikiwa kontrola inafikiwa lakini Spring inalalamika kwamba haioni ukurasa wa jina fulani, huenda umeandika `@Controller` ulipokusudia `@RestController`.

405 ina maana njia ipo ila umetumia POST mahali pa GET, au kinyume chake. 415 ni kusahau `Content-Type: application/json`. Kwa 400, sababu halisi iko kwenye logi, na kwa mazingira yetu iko moja inayojirudia: namba za simu. Mtu anaweka namba ya simu kuwa `Long`, kisha programu ya simu inatuma namba inayoanza na 07 bila alama za nukuu. JSON hairuhusu namba kuanza na sifuri, na Jackson, maktaba inayosoma na kuandika JSON, inakataa kwa `Leading zeroes not allowed`. Hata ikipita kwa njia nyingine, sifuri itapotea kwenye kanzidata. Namba ya simu ni maandishi, iweke `String`.

Ujumbe wa `Name for argument of type [java.lang.Long] not specified` uliongezeka kuanzia Spring Boot 3.2, kwa sababu Spring 6.1 iliacha njia yake ya zamani ya kubahatisha majina ya paramita. Ama andika `@PathVariable("id")` wazi, ama hakikisha unajenga kwa Maven au Gradle yenye usanidi wa Spring Boot, ambao huiwekea kompaila alama ya `-parameters`. Hitilafu ikitokea ndani ya IDE tu na isitokee ukiendesha kwa Maven, umeshapata jibu.

Sasa 401 na 403, na hapa panahitaji utulivu. Chukua programu inayopokea malipo ya simu. Mteja analipa, mtoa huduma wa malipo anaipigia programu yako anwani ya kupokea taarifa kwa POST, na programu yako inamjibu 403. Kwako kila kitu kinaonekana sawa, mteja amekatwa pesa, oda inabaki haijalipwa. Sababu ni kinga ya CSRF (dhidi ya tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mtumiaji wako), ambayo Spring Security huiwasha yenyewe na huitaka tokeni kwa kila POST. Seva ya mtoa huduma haina tokeni hiyo na haitakuwa nayo. Iondolee kinga anwani hiyo moja tu:

```java
http
  .csrf(c -> c.ignoringRequestMatchers("/malipo/taarifa"))
  .authorizeHttpRequests(a -> a
      .dispatcherTypeMatchers(DispatcherType.ERROR).permitAll()
      .requestMatchers("/malipo/taarifa").permitAll()
      .anyRequest().authenticated());
```

Ukishafungua mlango huo, mtu yeyote duniani anaweza kubisha hodi. Hakiki kila taarifa inayoingia kwa njia aliyokupa mtoa huduma wako, iwe ni saini, siri ya pamoja au kumuuliza tena hali ya muamala, kabla ya kuandika kwamba oda imelipwa. Tafadhali usilipuuze hili. Ni pesa za watu.

Umeona mstari wenye `DispatcherType.ERROR`? Bila huo, kuna kizungumkuti kinachoweza kukumalizia siku nzima. Kontrola ikipata hitilafu, ombi hupelekwa kwa ndani kwenye `/error`. Spring Security 6 hukagua ruhusa hata kwenye safari hiyo ya ndani. Mgeni asiye na ruhusa ya kuona `/error` anapewa 401 au 403, na wewe unatafuta kosa kwenye ruhusa wakati kosa halisi ni 404 au 500 iliyofichwa. Ukikutana na 403 kwenye anwani ambayo una hakika umeiruhusu, shuku hilo kwanza. Na kuona kila kichujio kinavyoamua, weka:

```
logging.level.org.springframework.security=TRACE
```

Hatua ya 5: kanzidata

`LazyInitializationException: could not initialize proxy - no Session` inatokea pale unapoigusa orodha ambayo Hibernate haikuipakia, baada ya kikao chake kufungwa. Dawa ni kuomba unachokihitaji pale unapokihitaji:

```java
@Query("select o from Oda o join fetch o.bidhaa where o.id = :id")
Optional<Oda> tafutaPamojaNaBidhaa(@Param("id") Long id);
```

Kubadilisha uhusiano wote kuwa `EAGER` kunaondoa ujumbe na kuleta ugonjwa mwingine: kila unapoomba oda moja unavuta nusu ya kanzidata. Na ikiwa Jackson inaingia kwenye mzunguko usiokwisha kwa sababu oda ina mteja na mteja ana oda, acha kurudisha entiti (klasi inayowakilisha jedwali la kanzidata) moja kwa moja. Tengeneza rekodi ndogo yenye sehemu unazotaka zionekane, urudishe hiyo.

`@Transactional` isiyofanya kazi ina sababu mbili za kawaida. Kwanza, metodi inaitwa na metodi nyingine ya klasi ile ile. Spring huweka mlinzi nje ya klasi, naye ndiye anayefungua na kufunga muamala. Ukiita kwa ndani humpitii. Hamisha metodi hiyo kwenye bini nyingine. Pili, kwa kawaida muamala hurudishwa nyuma kwa `RuntimeException` na `Error` tu. Ukitupa `IOException`, yaliyokwisha kuandikwa yatathibitishwa. Andika `rollbackFor = Exception.class` ukitaka yote yarudi.

Kisha kuna jaribio ambalo ningependa kila programu ya kwetu ilipitie: sajili mteja anayeishi Chang'ombe. Au mwenye jina la Wang'ombe. Ukipata hitilafu ya sintaksia ya swali la kanzidata, mahali fulani kuna msimbo kama huu:

```java
em.createQuery("select m from Mteja m where m.mtaa = '" + mtaa + "'")
```

Alama ya ng' imefunga maandishi mapema. Aliyeandika `' or '1'='1` badala ya Chang'ombe angepata orodha ya wateja wako wote. Tumia `:mtaa` na `setParameter`, na uipekue programu nzima, kwa sababu aliyeandika hivyo mara moja huwa ameandika hivyo pengi.

Hatua ya 6: saa

Ukiwa na MySQL na dereva ya zamani ya 8.0, unaweza kukutana na `The server time zone value 'EAT' is unrecognized or represents more than one time zone`. Kifupi cha EAT ni cha Afrika Mashariki yote, na dereva haikubali kukisia ni mji gani. Sasisha dereva, au ongeza `serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye anwani ya kanzidata (`Africa/Nairobi` inafaa vile vile, saa ni moja).

Hiyo angalau inapiga kelele. Inayoumiza ni ile ya kimya. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Ripoti ya mauzo ya siku ikikatwa saa sita usiku ya UTC, kwetu ni saa tisa usiku. Mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaingia kwenye siku iliyopita. Duka la mchana halitagundua kamwe. Kituo cha mafuta au hospitali watagundua pale hesabu za zamu zitakapokataa kulingana. Hifadhi nyakati kama `Instant`, zigeuze kuwa saa za hapa wakati wa kuonyesha na kukata siku, na kazi za ratiba zitajie eneo lake:

```java
@Scheduled(cron = "0 0 0 * * *", zone = "Africa/Dar_es_Salaam")
```

Hatua ya 7: inafanya kazi, kisha inaganda

Asubuhi iko sawa, mchana watu wakizidi inaganda, ukiizima na kuiwasha inapona. Kuizima na kuiwasha kunafuta ushahidi, kwa hiyo kabla ya kufanya hivyo kusanya picha ya thredi, yaani kila mkondo wa kazi ndani ya programu umefikia mstari gani:

```
jps
jcmd <namba ya mchakato> Thread.print > thredi.txt
```

Fanya hivyo mara tatu kwa kuachanisha sekunde chache. Thredi iliyokaa mstari ule ule kwenye picha zote tatu ndiyo ya kuhoji.

Kama mchakato umetoweka kabisa na logi imekatika ghafla, au kontena limekufa na namba 137, mara nyingi programu imeuawa na mfumo kwa kumaliza kumbukumbu; `dmesg` itathibitisha. Java, usipoiambia, hujipangia robo ya RAM ya mashine kuwa hipu (kumbukumbu ya kuwekea vitu vya programu), na juu yake kuna matumizi mengine. Kwenye seva ya GB 1 inayobeba pia MySQL, panga `-Xmx` kwa makusudi, na uongeze `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` ili hipu ikijaa ubaki na faili la kuchunguza.

Lakini kinachogandisha programu nyingi ni kingine, nacho huandikwa wazi kwenye logi:

```
HikariPool-1 - Connection is not available, request timed out after 30000ms
```

Akiba ya miunganisho ya kanzidata, inayotunzwa na maktaba ya HikariCP, huwa na miunganisho 10, usipoibadilisha. Tomcat hupokea hadi thredi 200. Wengi wakiona ujumbe huo hupandisha 10 kuwa 100, kisha wanagonga ukuta wa pili: PostgreSQL yenyewe kwa kawaida imewekewa kikomo cha miunganisho 100, na MySQL 151. Uliza kwanza nani ameshika ile kumi na kwa nini hairudishi.

Jibu la mara kwa mara ni metodi ya namna hii:

```java
@Transactional
public void lipa(Long odaId) {
    Oda oda = odaRepository.findById(odaId).orElseThrow();
    JibuLaMalipo jibu = mtoaHuduma.omba(oda);
    oda.weka(jibu.hali());
}
```

Mstari wa kwanza umechukua muunganisho. Wa pili unasubiri mtandao wa mtu mwingine. Siku mtoa huduma akichelewa kwa sekunde 40, wateja kumi wanaolipa kwa wakati mmoja wanatosha kuifunga programu nzima, hata kwa wale waliokuja kuangalia bei tu. Igawe sehemu tatu: muamala mfupi unaohifadhi oda kwa hali ya kusubiri pamoja na namba ya kumbukumbu isiyojirudia, kisha mwito wa mtandao ukiwa nje ya muamala wowote, wenye kikomo cha muda ulichokiweka wewe, kisha muamala mfupi wa pili unaoandika matokeo. Sehemu ya kwanza na ya tatu ziwe kwenye bini tofauti na ile inayoziita, kwa sababu ile ya hatua ya 5. Namba ya kumbukumbu itakusaidia pale jibu litakapochelewa na mteja akabonyeza tena.

Weka pia `spring.jpa.open-in-view=false`. Spring Boot huiacha ikiwa imewashwa na kukuonya kwenye logi kila inapowaka. Ikiwa imewashwa, kikao cha Hibernate hubaki wazi mpaka jibu liishe kutumwa, na muunganisho unaweza kushikiliwa muda wote huo, kwa hiyo hata ule mgawanyo wa sehemu tatu hautakusaidia. Ukiizima, huenda `LazyInitializationException` zikajitokeza mahali ambapo hukuzitarajia. Zirekebishe moja moja kwa `join fetch`.

Kama bado hujampata anayeshikilia, washa kipelelezi hiki, muda wake ukiwa katika milisekunde:

```
spring.datasource.hikari.leak-detection-threshold=20000
```

Muunganisho ukishikiliwa zaidi ya sekunde 20, logi itaandika `Apparent connection leak detected` pamoja na mlolongo wa metodi zilizouchukua. Tafuta mstari wenye jina la pakeji yako, fungua faili hilo, nenda kwenye namba iliyotajwa.